Mwendo wa Mdogo: Maneno juu ya Kutembea Kando ya Mto



Mwezi huu twataka kulitafakari neno moja ambalo, kwa kuwa ni dogo, watu hulipita bila kulitazama. Neno lenyewe ni hili: watu wa nyumba moja wakitoka pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakafuata njia nyepesi ya kando ya mto, ni nani atakayetoa kipimo cha mwendo? Ni baba mwenye miguu mirefu, au ni mtoto aliyeachishwa ziwa juzi? Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, swali hili lastahili kuandikwa katika gazeti la kanisa?" Twasema lastahili. Kwa maana mtu aendavyo njiani pamoja na walio dhaifu kuliko yeye, ndivyo aendavyo nao nyumbani, na kanisani, na katika mambo yote.

Wasomaji wa mbali wasioijua Chala, na wajue kwamba ni mji mdogo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, kwenye njia itokayo Sumbawanga kwenda pande za Namanyere na Mpanda. Nchi ya Ufipa imeinuliwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya maziwa hayo yako kama mita 770 hadi 800 juu ya bahari, lakini nchi ya juu yapita mita 1,500. Basi mtu apandaye kutoka ufuoni, upande huu au upande ule, hufika juu akihema. Akiisha kufika, huona nchi nyingine: majani mengi, miti michache, upepo usiochoka, vilima vya chini, na kati ya vilima mabonde mapana yenye vijito.

Kando ya vijito hivyo ziko njia. Hazina kibao, wala hakuna mtu aliyelipwa kuzikata. Zimefanywa na nyayo za wachota maji, za ng'ombe, na za watoto waendao shuleni. Ni njia nyepesi, na sababu yake yaeleweka: maji hayapandi mlima. Kabla yetu sisi, maji yamekwisha kutafuta mahali ambapo nchi yashuka kidogo kidogo, nayo yakapita hapo. Mtu akifuatana nayo, hapandi genge wala hashuki korongo. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne aweza kuipita njia hiyo, na bibi mwenye fimbo aweza pia. Njia nyingine huwachagua watu wake. Njia ya namna hii huwakubali wote.

Lakini kabla ya kulijibu swali letu, hatuna budi kuliondoa jiwe moja lililo njiani. Wako Wakristo wema wadhanio kwamba kutembea bila haja ni uvivu. Wakimwona mtu na mkewe na watoto wao wakipita bondeni Jumapili baada ya ibada, bila jembe, bila ndoo, bila kikapu, huuliza, "Wanakwenda wapi hawa?" Wakiambiwa, "Hawaendi mahali, wanatembea tu," hutikisa vichwa. Twawaelewa ndugu hao. Watu wengi wa Ufipa ni wakulima, na mguu wa mkulima umezoea kwenda shambani, mnadani, kanisani na msibani. Usipokuwa na mahali pa kufika, hudhaniwa kuwa umepotea.

Walakini uvivu si kukosa mzigo kichwani. Mvivu ni yule aikimbiaye kazi aliyopewa. Na Mungu amewapa wazazi kazi moja isiyofanyika kwa jembe, nayo ni kuwajua watoto wao na kuwafundisha. Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu, alizitaja pia nafasi za kufundishia, na mojawapo ni njiani, wazazi waendapo (Kumbukumbu la Torati 6:7). Tuangalie tofauti iliyopo. Shambani baba huagiza, na mtoto hutii. Shuleni mwalimu huuliza, na mtoto hujibu. Lakini kando ya mto, mahali pasipo haraka, mtoto ndiye aulizaye. Huona matuta ya mviringo ambayo wazee wa Ufipa wameyazoea tangu zamani, akauliza, "Mbona majani yamefukiwa chini ya udongo?" Naye baba hupata nafasi ya kumweleza kwamba majani yale huoza, yakaulisha udongo, na udongo ukailisha mbegu. Kisha mtoto huuliza, "Na maji haya huenda wapi?" Hapo baba hujibu kwamba vijito vingine vya nchi hii hushukia Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji yake, na vingine hushukia Tanganyika, na ya kwamba maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia katika mto Kongo, hata kuifikia bahari ya Atlantiki. Je, saa hiyo imepotea? Sisi twaona kwamba imelimwa vizuri kuliko saa nyingi.

Sasa na tulirudie swali la mwendo. Tujitazame tunavyozoea kwenda. Mara nyingi baba hutangulia, mikono mitupu au na fimbo tu, hatua mia mbili mbele. Mama hufuata, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Nyuma yake huja watoto, mkubwa akimvuta mdogo kwa mkono. Na bibi? Bibi haonekani tena. Yuko nyuma ya kilima. Siku hizi wengine wamepata pikipiki, na baba hufika mapema zaidi, akaketi chini ya mti akisema, "Hawa watu wangu ni wazito sana." Hatusemi kwamba baba huyo ni mbaya. Pengine ampenda mtoto wake kabisa. Lakini mtoto aonaye kila siku mgongo wa baba yake tu, tena ukiwa mbali, hujifunza neno moja kabla ya kujua kusoma, yaani kwamba mwenye nguvu hangoji.

Yuko mtu mmoja katika Maandiko Matakatifu aliyeulizwa swali hili waziwazi, naye ni Yakobo. Katika Mwanzo, mlango wa 33, amekutana na Esau ndugu yake, ambaye amekuja na watu mia nne. Wamekwisha kukumbatiana na kulia. Ndipo Esau asema kwamba waondoke, waende pamoja, naye atatangulia. Lilikuwa neno la heshima, maana kusindikizwa na watu mia nne si jambo dogo. Lakini Yakobo alikataa. Alimkumbusha Esau kwamba watoto walikuwa wachanga, na katika wanyama walikuwamo wanyonyeshao. Kama wangeharakishwa hata siku moja tu, kundi lote lingekufa. Kwa hiyo akaomba Esau atangulie, naye afuate polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na mwendo wa watoto.

Twajua kwamba Yakobo hakuwa mtu asiye na hila. Alisema atamfuata Esau mpaka Seiri, kisha akaelekea Sukothi. Wako wafafanuzi wasemao kwamba maneno yake juu ya watoto yalikuwa kisingizio tu. Na iwe hivyo; hata mtu mwenye hila aweza kusema kweli. Na kweli aliyoisema ni hii: watu waendao pamoja hawana miendo miwili. Mwendo wao ni mmoja, na huo ni mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Wakienda kwa mwendo mwingine wo wote, hawaendi pamoja tena, hata kama wapita njia moja na kuelekea mahali pamoja.

Tena tuangalie jambo hili. Katika mlango uo huo, Yakobo alipokuwa akimwogopa Esau, yeye mwenyewe aliwatangulia watu wa nyumba yake. Kwenye hatari alikwenda mbele. Hatari ilipopita, alikubali kwenda kwa mwendo wa mdogo. Wangapi katika sisi tumeigeuza kanuni hiyo! Penye amani twatangulia, penye nyoka twasema, "Wewe mama watoto, pita kwanza."

Mtu akisema kwamba jambo la mwendo ni dogo, na akumbuke kwamba nchi hizi zetu zimekwisha kuona mwisho wa jambo hili. Mwezi wa Juni mwaka 1866, David Livingstone alikuwa akipita katika bonde la mto Ruvuma. Aliandika katika habari za safari yake kwamba walimkuta mwanamke amefungwa kwa shingo kwenye mti, naye amekwisha kufa. Watu walimweleza kwamba alikuwa mtumwa aliyeshindwa kufuatana na wenzake. Naye bwana wake hakutaka apone akawa mali ya mtu mwingine. Mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, Livingstone huyo alipita upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika, katika nchi ya Ufipa. Misafara ya watumwa na pembe ilipita pia kati ya ziwa hilo na Tabora, hata Bagamoyo. Katika misafara hiyo, kipimo cha mwendo kilikuwa faida ya mwenye mali. Asiyeweza kukifuata kipimo hicho hakungojwa, wala hakubebwa. Alihesabiwa kuwa hasara.

Bonde la Ruvuma nalo ni bonde la mto. Maji yalipita hapo kama yanavyopita hapa, na huenda njia ilikuwa nyepesi vile vile. Basi tusidhani kwamba wepesi wa njia watosha. Njia yaweza kuwa nyepesi na mwendo ukawa wa kuua. Tena tusidhani kwamba roho ile ilikwisha siku ile biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku. Torati yamkumbuka Amaleki kwa dhambi moja maalumu: aliwapiga Waisraeli waliochoka, waliokuwa wakijikokota nyuma (Kumbukumbu la Torati 25:17-18). Amaleki ana hatia yake. Lakini twauliza: wale dhaifu walifikaje huko nyuma peke yao? Palipo na Amaleki nyuma, mara nyingi pana watu wenye nguvu mbele waliosahau kugeuka.

Sasa tusikie neno la upande mwingine, lenye faraja. Katika mkoa wetu huu wa Rukwa, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, uko mto Kalambo. Maji yake huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kisha huingia Tanganyika. Watu wengi huenda kuyatazama maporomoko hayo. Lakini juu ya maporomoko, mahali mto upitapo kwa utulivu, upande wa Zambia, wataalamu wamekuwa wakichimba tangu mwaka 1953, alipoanza J. Desmond Clark. Na mwaka 2023 wenzao, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walitangaza kwamba wameyapata magogo mawili yaliyochongwa kwa zana za mawe, moja limelala juu ya jingine, na mahali pa kukutania pamekatwa ili yashikamane. Umri wake, kwa hesabu yao, ni kama miaka 476,000. Hatuandiki ili kubishana na mtu juu ya hesabu ya miaka. Lililotugusa ni hili: wataalamu hao wasema kwamba huenda kazi hiyo ilikuwa sehemu ya msingi wa kibanda, au ya jukwaa, au ya njia iliyoinuliwa juu ya tope la kando ya mto.

Kama ilikuwa njia, tumfikiri yule aliyeiweka. Mtu mwenye nguvu akifika penye tope hulivuka kwa kuruka, akaenda zake. Lakini akataye gogo, akalichonga, akalilaza mahali pa kukanyaga, huwa amewafikiri wengine watakaopita baadaye, na kati yao wamo wasioweza kuruka. Kufanya njia iwe nyepesi kwa mwingine ni kazi ya upendo, na yaonekana ni kazi ya kale kuliko falme zote tuzijuazo.

Lakini yako maneno ya kutupinga, na si haki kuyanyamazia.

Kwanza, husemwa: "Tukimngoja kila aliye mzito, hatutafika." Twajibu: kila jambo lina wakati wake. Mama mwenye uchungu akipelekwa hospitali, au nyumba ikiwaka moto, mwenye mbio na apige mbio, na mtoto abaki kwa jirani. Hapo kukimbia ndiko kumhudumia aliye dhaifu. Lakini wengi wetu huwa na haraka ya hospitali siku zote, hata tunapokwenda kunywa chai. Swali la kujiuliza ni hili: haraka hii ni kwa ajili ya nani?

Pili, husemwa: "Anayengojwa atakuwa mvivu." Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatulidharau. Mtume Paulo awaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na katika mlango uo huo asema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe (Wagalatia 6:2, 5). Mtoto angojwaye hana ruhusa ya kukaa chini na kulia ili abebwe. Yampasa atembee. Lakini mtoto asiyengojwa kamwe hajifunzi kwenda mbio. Hujifunza mambo mawili tu, kubebwa au kubaki nyumbani. Miguu hupata nguvu kwa kutembea, nayo hutembea vema ikiwa na mtu kando yake.

Tatu, husemwa: "Mwenye nguvu naye ana haki yake. Mbona aminywe?" Hili ndilo neno gumu kuliko yote, kwa maana kungoja ni hasara ya kweli. Kijana mwenye miguu ya swala akienda pamoja na bibi yake hupoteza kitu, tusimdanganye. Lakini na auangalie mto. Juu ya nyanda hizi maji huenda polepole, yakizunguka kila kichaka, nayo hunywesha mabonde yote. Kalambo inapofika kwenye genge, huenda kwa mbio kuliko maji yote ya nchi hii. Watu huja kuitazama na kuisifu, lakini hapo angani hapoti mhindi hata mmoja. Mwenye nguvu apunguzaye mwendo hakupoteza nguvu zake. Amezitoa zinywewe na mwingine.

Basi twawapa wasomaji wetu, hasa waalimu wa dini na wazee wa kanisa, mashauri machache ya kutenda.

La kwanza: mdogo atangulie, na mkubwa awe nyuma. Wachungaji wetu wa ng'ombe wanajua jambo hili, maana huenda nyuma ya kundi, na ndama achechemeaye hukaa machoni pao. Atanguliaye huona njia. Aliye nyuma huona watu. Lakini penye kivuko, penye majani marefu au penye mbwa, mkubwa aje mbele, kama Yakobo.

La pili: mhesabiane. Yusufu na Mariamu, watu watakatifu, walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto Yesu yumo katika msafara, naye amebaki Yerusalemu (Luka 2:43-44). Kudhani si kuhesabu.

La tatu: chagueni majira. Mvua zikiisha, njia za mabondeni hukauka, na miezi ya kiangazi hufaa kwa matembezi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi na upepo wa Ufipa si mchezo. Mtoto avikwe vizuri. Wala asiachwe aoge katika maji yaliyotulia yenye konokono, kwa sababu ya kichocho.

La nne: msiiue njia. Wako watu walimao mpaka kwenye ukingo wa mto, hata njia ya watu wote ikakatika, na bibi kizee alazimike kuzunguka kilima na ndoo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Mkristo aliyeipima mita yake ya shamba kwa uangalifu na azipime hizi pia. Na penye tope, vijana wa usharika walaze gogo. Ni kazi ya asubuhi moja.

La tano: asibaki mtu kwa sababu ya miguu yake. Katika nyumba nyingine yumo mtoto mwenye ulemavu, naye siku ya matembezi, hata siku ya ibada, huambiwa, "Wewe linda nyumba." Ndugu, nyumba yalindwa na kufuli. Mtoto huyo na aende. Na kama hawezi kwenda, mwendo wa siku ile na uwe mpaka pale atakapoweza kubebwa na baba yake, hata kama ni hatua mia tu.

Tukiisha kujifunza haya njiani, tutayaona yale yale kanisani. Usharika ni msafara. Je, mwendo wake wapimwa kwa nani? Tunapopanga mchango wa jengo, mara nyingi tunauliza mwenye duka na mwenye mshahara wataweza kutoa kiasi gani; kisha kiasi hicho chasomwa mbele ya watu wote, na mjane mwenye kuku watatu hutazama chini. Jumapili ifuatayo haji. Twasema amelegea katika imani, kumbe ameachwa nyuma ya kilima. Katika mafundisho ya kipaimara, mwalimu hufurahi na watoto watatu wajibuo upesi, akaenda nao. Yule wa nne husogea nyuma, benchi kwa benchi, hata mlangoni. Katika kikao, wazee wajuao maneno ya kikao huamua kabla ya wengine kuelewa jambo linalosemwa. Hakuna aliyepigwa, wala hakuna aliyefukuzwa. Mwendo tu ndio uliowatoa. Na Amaleki wa siku zetu, aliye mlevi, au mkopeshaji mwenye riba kali, au mganga wa uongo, huwa anangoja huko nyuma kwa walioachwa.

Wala hatusemi kwamba usharika usijenge, au usifundishe maneno magumu. Yakobo hakusema kwamba hatakwenda. Alisema atakwenda polepole. Kanisa liendalo kwa mwendo wa mdogo hufika, tena hufika likiwa zima. Kanisa liendalo kwa mwendo wa mwenye nguvu hufika mapema, likiwa na viti vingi vitupu.

Na sababu yetu ya mwisho si fimbo ya sheria, ila ni Injili. Kama kipimo cha Mungu kingalikuwa mwendo wake mwenyewe, ni nani katika sisi angaliweza kumfuata? Tungaliachwa wote. Lakini Mwana wa Mungu alizaliwa mchanga. Yeye ambaye kwa yeye mbingu na nchi zilifanywa, alikuwa mtoto mwenye miguu miororo, asiyejua kutembea. Akajifunza kusimama na kupiga hatua kama kila mtoto wa mtu. Na siku ile ya kufufuka kwake, nguvu zote zikiwa zake, aliichagua kazi gani? Alikwenda na wanafunzi wawili wenye huzuni katika njia ya Emau, mwendo wa maili kama saba, kwa hatua zao nzito, akiwafafanulia Maandiko, mpaka mioyo yao ikawaka. Angaliweza kuwatokea kule kijijini mara moja. Hakufanya hivyo. Alikwenda nao.

Sisi tuliongojwa hivyo, tutawezaje kumwambia mdogo, "Utatukuta mbele"? Nabii Isaya awaambia watu wa Mungu kwamba hawatatoka kwa haraka wala kwa kukimbia, kwa kuwa Bwana atawatangulia, na tena Mungu wa Israeli atawalinda nyuma (Isaya 52:12). Huko mbele yupo, na huku nyuma yupo, pamoja na wachechemeao.

Basi, baba uliye na miguu mirefu, Jumapili hii baada ya ibada mshike mtoto wako mkono, umwite na mama yako mzee, mwende kando ya mto. Usimwambie mtoto, "Fanya upesi." Mwulize, "Tuendeje?" Naye Bwana awatangulie, tena awe nyuma yenu. Amina.